Mzalendo wa Nyumbani Kwangu

Niliolewa nikamkuta mke mwenza, naye ni nchi. Msicheke. Wimbo wa taifa ukipigwa redioni, mume wangu hata kama yuko katikati ya kula anaweka kijiko chini na kusimama wima, na wageni nao wanasimama kwa aibu. Mimi nilikuwa nakaa makusudi. Namwambia, hiyo nchi yako mbona bomba letu imelikausha tangu juzi? Anasema nchi si bomba. Haya.

Ni mhudumu wa shule ya msingi: anafyeka, anapiga kengele, na asubuhi anapandisha bendera. Mtaa mzima unamwita Mzalendo. Bendera ikichafuka anakuja nayo nyumbani, anaifua kwa mkono kwenye beseni ambalo ole wako uloweke soksi humo. Pasi napiga mimi, kwa sababu aliwahi kuunguza pindo akanuna wiki nzima.

Binti yetu wa pekee alikuwa na ulimi kama wangu, ila baba yake ndiye aliyekuwa roho yake. Mimba ilipotimia, mumewe alitaka ajifungulie kliniki ya binafsi, na alishakwenda kuzungumza nao. Mzalendo akakataa katakata. Hospitali ya serikali ni yetu, akasema, sisi wenyewe tukiikimbia nani ataijali? Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Binti akacheka, akasema, "Mama, mwache baba. Nitazaa kizalendo."

Akazaa, mtoto wa kike, mzima kabisa. Kisha damu ikagoma kukata. Hospitali haikuwa na chupa hata moja ya kumwongezea, na gari la kuifuata damu hospitali kuu lilikuwa uani juu ya mawe, halina matairi. Muuguzi, maskini, aliwapigia simu wakubwa wake mpaka salio likamwishia, akaja akakaa nasi analia. Simlaumu yule dada. Mwanangu aliondoka mchana kweupe, mkono wake mkononi mwa baba yake.

Tulipotoka mazikoni bendera ilikuwa bado kwenye kamba uani, pale alipoianika kabla hatujaitwa hospitali. Niliivuta nikaitupa chini, nikasema nitaifanya tambara la kudekia. Nikamwambia na mengine, kwamba yeye na nchi yake wameniulia mtoto. Aliiokota, akaikung'uta, akaiosha upya. Ilipokauka alipiga pasi mwenyewe.

Siku aliyorudi kazini nilimfuata hadi getini, maana hakuwa ametia kitu mdomoni. Wanafunzi wamejipanga mistari. Akavuta kamba, bendera ikafika katikati ya mlingoti, akaiacha hapo. Mwalimu mkuu, ambaye tulikuwa naye mazikoni, akamsogelea, akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, nusu mlingoti mpaka amri itoke juu. Ni mpaka afariki kiongozi."

"Amefariki mwananchi," mume wangu akasema.

Mwalimu mkuu akainamisha kichwa. Watoto wanasubiri kuimba. Mimi pale getini niliomba aiache hapo hapo, wamfukuze kazi, tukalale njaa, potelea mbali. Akaipandisha. Aliivuta mpaka juu, akafunga kamba, na wimbo ulipoanza akasimama wima kama siku zote, machozi yanamdondokea kwenye shati la kazi.

Nilimngoja mpaka alipotoka. Njiani nikamuuliza kwa ukali kama bado anaipenda.

"Naipenda," akasema. "Nisingeipenda, mtoto wangu angekuwa hai."

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza mpaka nyumbani, nikajikuta nimemshika mkono barabarani, jambo ambalo hatukulifanya hata ujanani.

Mkwe wetu alituachia mtoto tumlee, na jioni babu ndiye anayembeba. Siku moja wimbo ulianza redioni, mtoto amelala kifuani kwake. Babu akakamata kiti kwa mkono mmoja, akainuka kidogo, akarudi kukaa, akainuka tena. Iliniuma kuliko siku ya mazishi. Basi siku hizi mimi niliyemcheka miaka yote ndiye ninayekaa karibu na redio. Nikijua wimbo unakuja, naizima, namuuliza kama mtoto ameshalala.