Sambusa Zilizopita Nyumba Tatu

Mwanvua alikuwa na kazi iliyowafaa watu wote wa mtaa wake pale Rumonge, na wote waliizibia pua. Aliangalia mabwawa ya maji machafu. Maji ya vyoo na ya sokoni yaliingia bwawa la kwanza meusi kama masizi, tope likazama. Yakapita la pili, lenye matete, harufu ikapungua. Yakatoka la tatu yameng'aa, yakaenda zake ziwani. Yeye alikata matete na kuopoa kandambili. Tangu mabwawa yaanze, pale wanapochota maji hapanuki tena, na watoto hawaharishi kama zamani. Majirani walimshukuru Mungu, wakachemsha maji yao, wakanywa. Lakini sambusa za Mwanvua hawakula.

"Mikono yake inatoka kule," walinong'ona, ingawa alijisugua kwa sabuni ya mawese mpaka ngozi ikalia.

Ramadhani ndipo palipomuuma hasa, mwezi wa kupelekeana futari. Sahani zake zilirudi na vitu vya watu, maana sahani hairudi tupu. Ila hakuna aliyemwambia chakula chake kilikuwa kitamu. Alitamani, kabla ya Idi, amwone mtu mmoja tu akikila.

Siku hiyo alikaanga sambusa za ndagala, dagaa wa ziwani, akazisuka pembeni kama ukili wa mkeka, alivyofundishwa na mama yake, akampelekea Jamila. Jamila alishukuru sana, akafunga mlango, akazihamishia kwenye sahani yake, akampelekea Raisa. Raisa aliujua msuko ule. Akazihamisha naye, akampelekea Hadjara.

Hadjara, mama yake Tahiri, aliyehamia kutoka Magara, hakuujua. Ila sahani ya Mwanvua ya juzi ilikuwa bado kwake, na hakuwa amepika kitu. Akazipanga humo, akatoka.

Adhana ikamkuta mlangoni kwa Mwanvua. Na kufuturu hakucheleweshwi.

"Karibu, Mama Tahiri. Uji iko, tende iko."

"Murakoze, asante dada, nitafungulia hizi nilizokuja nazo," Hadjara alisema haraka. "Iko za Raisa."

Akauma. Akafumba macho. "Ee Mungu! Raisa iko na mukono!"

Mwanvua akautazama ule msuko, akaujua. Angeweza kunyamaza, lakini ulimi uliofunga tangu alfajiri hautaki uongo.

"Dada, hizo ni zangu. Nilimpelekea Jamila leo."

Hadjara akaacha kutafuna. Shavu limejaa, kumeza anaogopa, kutema riziki mbele ya mpishi wake ni dhambi. Akainua vidole: "Jamila... Raisa... mimi."

Akameza.

"Basi iko safi," akatamka, kama shehe anayetoa fatwa. "Si imepita mabwawa yote matatu?"

Wakacheka mpaka uji ukamwagika. Hadjara akachukua ya pili.

Kesho yake, jua likielekea Kongo, ng'ambo ya ziwa, alipiga hodi akiwa na sahani tupu mkononi, kitu ambacho mtaa ule haujapata kukiona.

"Mwanvua, nipe zangu hapa hapa. Zikizunguka zinafika baridi."