Amondi Hapigi Ngoma Akiwa Amekaa

Nianze na ukweli: katika bendi yetu ya mtaa wa Kimumu, mwanamuziki wa maana ni mimi. Napiga karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa kijiti cha chuma, na marehemu babangu ndiye alinifunza kabla sijatoroka shule darasa la saba. Lakini leo nimeamua kuandika habari za Amondi. Bila yeye, chuma changu kingekuwa tu kelele ya mtu anayetengeneza baiskeli.

Amondi ni fundi wa nguo. Alikuja kutoka upande wa ziwa akiwa msichana, akafanya kazi kiwandani hapa Eldoret mpaka kikafungwa, akanunua cherehani, na sasa nusu ya watoto wa Kimumu wanaenda shule na sare alizoshona yeye. Ukimwangalia utaona bega lake la kushoto limeshuka kidogo. Hilo ni la ngoma. Kanisa lao ni lile la kanzu nyeupe na bendera, na Jumapili hawaingii ibadani kimya kimya. Wanatembea barabarani wakiimba, Amondi yuko mbele, ngoma inaning'inia begani. Ametembea nayo hivyo tangu akiwa na miaka tisa.

Mara ya kwanza nilimsikia akipita mbele ya duka langu la misumari. Nilifunga duka nikamfuata mpaka mlango wa kanisa lao, mimi mtu wa dhehebu lingine kabisa. Mke wangu bado anauliza nilikuwa nafuata ngoma ama nilikuwa nafuata nini.

Nikamleta kwa bendi. Johnstone alikuwa na gitaa, Jepkosgei alikuwa na sauti na kayamba, na mimi mwenyewe nilikuwa hapo, mnajua. Nyimbo zetu hazina mwisho unaojulikana. Kuna arusi moja mjini Turbo tulianza wimbo watu wakipakuliwa chakula, tukamaliza wakiosha sufuria.

Mwaka jana tukasema sasa inatosha, tutengeneze albamu. Tuweke mwomboko, densi ya kwetu Wakikuyu, benga ya gitaa ya akina Johnstone na nyimbo za arusi za akina Jepkosgei, zote zikalie ngoma moja, ile ya Amondi. Nikaipa jina *Githeri*, kama mahindi na maharagwe katika chungu kimoja. Walicheka, na mimi nikachukua hicho kicheko kuwa kura.

Studio ilikuwa ya Kipyego, kijana mpole mwenye chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Alitupatia siku moja tu, maana kesho yake kulikuwa na kwaya.

Sasa kwetu mama wa heshima hasimamishwi. Asubuhi hiyo nilibeba kiti cha sofa kutoka sebuleni kwangu, pamoja na kitambaa chake cha kufuma, nikakiweka mbele ya maiki. Amondi akakaa, ngoma mapajani, hedifoni masikioni. Alionekana kama mwenyekiti wa harambee.

Akaanza. Ngoma ikachechemea. Tukarudia, ikachechemea tena. Mara ya tano hata mimi nilianza kuangalia viatu vyangu.

Kipyego akamwita vile vijana huita mama zao, "Mathe, usijali. Niko na ngoma kwa kompyuta. Nitaweka hizo, halafu wewe utatupigia makofi."

Amondi akavua hedifoni akazilaza juu ya kitambaa.

"Jumapili wenzangu wakiniuliza, niwaambie nini? Kwamba kwa albamu yetu nilipiga makofi?"

"Hakuna mtu atajua, Mathe."

"Mimi nitajua."

Halafu akanigeukia.

"Mzee Ndungu, nani alileta hiki kiti?"

"Ni mimi, Mama. Ni heshima."

"Heshima yako imenifunga miguu. Umewahi kuniona nikipiga ngoma nimekaa?"

Nilifikiria. Sijawahi. Hata kwa arusi huwa anazunguka meza mpaka wapishi wanamlalamikia.

Akaingiza kichwa kwenye kamba ya ngoma akatoka nje. Jirani ya studio kuna ghala la mahindi, na kabla ya mavuno huwa tupu, saruji tupu. Akaingia humo, sisi nyuma yake. Kipyego alikuja akiburuta nyaya.

"Mathe, huku sauti inarukaruka."

"Wacha iruke."

"Na viatu vitasikika."

"Si ninatembea?"

Kipyego akazivuta nyaya zake ndani. Akaning'iniza maiki kwenye boriti katikati, akatupanga chini yake kama vifaranga, na Amondi akaanza kutuzunguka. Mzunguko wa kwanza alikuwa anatafuta. Wa pili, miguu ikaiambia mikono kazi yake. Kufika wa tatu, gitaa la Johnstone lilikuwa linakimbia kumshika, na Jepkosgei alikuwa ameanza kuimba bila kuambiwa. Akipita nyuma yako, ngoma inaingia mgongoni. Akienda mbali, unabaki unamtamani arudi. Hata chuma changu, ambacho kawaida hakimfuati mtu, kilimfuata.

Mara mbili Johnstone alidhani wimbo umeisha. Amondi alimpita tu.

Aliposimama, Kipyego alikuwa ameketi sakafuni, hedifoni masikioni, mdomo wazi. Alirudia kusikiliza kipande cha mwanzo, akarudia tena.

"Zile ngoma za kompyuta nimezifuta," akasema. "Lakini Mathe, ni dakika ishirini na sita. Redio haziwezi kucheza hiyo. Nipunguze?"

Amondi alikuwa anajipangusa shingo na leso.

"Kutoka kwangu mpaka kanisani ni dakika ishirini na sita," akasema. "Ukipunguza, utaniacha njiani wapi?"

Kipyego akauhifadhi wimbo mzima, na viatu ndani. Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Amondi akanywa maji, akavuta kamba ikakaa vizuri begani, na akaanza wimbo wa pili Johnstone akiwa bado na soda mkononi.