Niliwafundisha kosa langu, na Mama Neema ndiye anayeondoka

Admin, naomba unifiche jina, maana hapa Kalemie, Kongo, wanaojua kompyuta tunahesabika. Mimi ni dada wa miaka ishirini na tisa, sijaolewa, nafanya kazi kwenye secrétariat ya kuchapa barua na kutoa fotokopi. Nina kompyuta moja tu, na hiyo moja imenipa heshima kubwa mtaani kuliko ninayostahili.

Mwaka jana nilianza kujifunza jambo gumu: kuandika programu zinazofanya mashine mbili ziongee zenyewe, kupitia système ya ndani ya kompyuta. Hapa hakuna wa kukufundisha. Nilisoma kwenye simu. Umeme wa bwawa la Bendera ukija najaribu, ukienda naandika kwenye daftari. Niliingia kwenye kundi moja la mtandaoni la watu wa nchi za mbali, nikauliza kwa Kifaransa changu cha shule. Wengi waliniambia nikasome kwanza ndipo nirudi. Mmoja tu aliniuliza kama programu yangu nimeijaribu kwenye mashine mbili tofauti.

Nilikasirika. Niliona ananidharau, kwani mashine ya pili ningeitoa wapi? Nikamjibu ndiyo, nimejaribu, inakwenda vizuri. Ulikuwa uongo mtupu. Baadaye nikafuta swali langu lote kwa aibu.

Ndipo wakaja wanafunzi wanne wa institut moja, chuo cha hapa mjini, wageni kabisa kwenye mambo haya, wakaniomba niwaongoze kwenye kazi yao ya kumaliza masomo. Ningepaswa kuwaambia kwamba na mimi bado najifunza. Sikusema. Waliniita Mwalimu, na mtu ambaye hajawahi kuitwa hivyo hajui utamu wake. Tulikutana kila Jumapili baada ya misa, mashine yangu katikati, kila mmoja akijaribu kazi yake humo humo. Programu zote zilijibu. Tulipiga makofi kama watoto.

Kati ya hao wanne, Mama Neema alikuwa na bidii kuliko wote. Ana watoto watatu, na mume wake alimruhusu arudi shule kwa sharti moja: akianguka mtihani mara moja, basi. Alikuja na mtoto mgongoni, ananakili kila mstari kwa kalamu, hata mahali nilipokosea herufi anakili vile vile kisha ananiuliza kwa adabu.

Siku ya kutetea kazi, jury ya walimu wanaosahihisha ikaleta mashine mbili na waya wa kuziunganisha. Wote wanne kioo kiliwaandikia kwamba muunganisho umekataliwa. Walitoka wakisema waya ulikuwa mbovu. Mimi nilirudi nyumbani, nikafungua daftari, nikaona. Anwani niliyowapa ni ile ambayo kila mashine huitumia kujiita yenyewe. Ukiwa na mashine moja inafanya kazi vizuri sana. Zikiwa mbili, ni kama mtu anajipigia simu mwenyewe halafu anangoja jirani apokee. Yule mtu wa mtandaoni alikuwa ameliona kosa kabla sijamfundisha mtu yeyote.

Watatu wanajiandaa kwa session ya pili, yaani mtihani wa marudio. Nilibadilisha ule mstari kwenye kazi zao, nikawaambia nimeboresha kidogo, wakanishukuru. Mama Neema naye angerudi, lakini mume wake alikataa. Aliwaambia ndugu zake kwamba kichwa ya huyu mwanamuke haishike masomo, akaamua mke wake aende Nyunzu kulima kwa mama mkwe, treni ikipatikana wiki hii.

Jana alikuja kazini kuniaga. Nilidhani amejua. Alisimama mlangoni, akasema polepole:

"Mwalimu, unisamehe. Ulichoka na mimi bure, sasa bantu banasema haujue kufundisha. Kosa iko yangu, kichwa yangu njo haishike."

Nami nikamjibu, "Haina shida, Mama Neema. Mungu iko." Hayo tu. Akaenda, nikaendelea kutoa fotokopi za mteja.

Nikimwambia mume wake ukweli, wale watatu watajua, patron wangu wa kazini atajua, na Mwalimu atakufa siku hiyo hiyo. Tena huenda huyo mume asiniamini, atasema wanawake tunafichiana. Nikinyamaza, mwanamke mwenye akili kunishinda mimi atazeeka akijiona mjinga, na watoto wake watakua wakiambiwa hivyo. Naijua njia ya haki. Miguu ndiyo inakataa.

Ndugu zangu, msiniambie niombe, nimeshaomba sana. Niende kwa mume wake, au nimeshachelewa? Nitukaneni mkitaka, ila mnijibu kabla treni haijafika.