Fundi Aliyetaka Kufungua Boksi

Lifti ilikwama katikati ya ghorofa ya tatu na ya nne, mimi na sanduku langu tukiwa ndani, hata hewa ya mji ule sijaizoea. Sauti tulivu kutoka juu ikaniambia nisiguse kitu. Baadaye milango ikapanuliwa, na mkono uliojaa grisi ukanivuta.

"Pole, mgeni," akasema akiigonga lifti begani kama mtu. "Bibi huyu hapendi mizigo."

Alikuwa fundi lifti wa jengo lile, na wapangaji walimwita Waya. Nilipomdadisi kuhusu kazi yake akanipandisha hadi chumba cha mashine, nikaona mota kuukuu na breki zilizovikwa vipande vya breki za lori. Spea hazikuwa zikija, kwa hiyo alizichonga mwenyewe. Kesho yake jioni angesafiri kwenda nchi ya mbali, kufunga lifti. Kwa nini unaondoka, nikamuuliza. Hela, akajibu, upesi kama mwanafunzi aliyekariri. Nimeuliza swali hilo kwa lugha nyingi. Jibu la haraka namna hiyo huwa limekalia jingine.

Kesho yake alinikaribisha kwao chakula cha mchana. Mkewe alikuwa akimpigia pasi shati la safari, uso ameukunja kuliko hilo shati.

"Shemeji, wewe umetembea dunia, hebu nisaidie. Mshahara wa huko, ukitoa kodi na chakula, haupiti huu wa hapa. Sasa huyu anafuata nini?"

Waya akacheka kicheko cha kukwepa. Mkewe akamwambia wazi kwamba asiposema kweli, ataondoka bila kuagwa.

Fundi akakaa akizitazama kucha zake. Kisha akaeleza kwamba tangu aanze kazi hajawahi kushika kifaa kipya. Kila anachofunga amekitoa kwenye maiti ya kingine. Hata kwenye usaili wa kazi hii ya nje, walipopewa kila mmoja kadi ya saketi ya lifti iliyoungua, wenzake waliichomoa wakaweka mpya. Yeye hakujua kama hilo linaruhusiwa. Akainama kuilehemu mpaka ikafanya kazi, wenzake wakiwa wameshakunywa chai. Wasimamizi walicheka sana, wakampa kazi.

"Huko lifti zinafika ndani ya maboksi, mama watoto. Nataka nifungue moja kwa mkono wangu. Niliona aibu kusema naacha watoto kwa ajili ya boksi."

Mkewe aliisimamisha pasi, akalikunja shati taratibu.

"Kumbe. Na mimi nakesha nikidhani kuna mwanamke."

"Mwanamke gani atanitaka na grisi hii?"

"Hata mimi nilijiuliza." Akalitia shati sandukuni. "Mkataba ni miaka miwili. Usiporudi, nitakuja nikufungie ndani ya boksi hilohilo."

Jioni teksi ilipopiga honi, mkewe alivaa viatu, akapanda naye kumsindikiza hadi uwanja wa ndege. Mimi nikaachiwa nyumba na watoto. Gari lilipokata kona, binti yao mkubwa akaniuliza boksi la lifti lina ukubwa gani. Nimepanda lifti katika miji mingi, lakini boksi lake sijawahi kuliona.