Daftari Lisilo na Watoto

Kutoka Katonga hadi Buzebazeba nilikwenda kwa miguu, daftari kwapani, na mwanzoni niliona fahari. Elimu yangu darasa la saba, basi. Lakini bwana afya alinichagua mimi nimsaidie kuuliza watu maswali, nami tayari nilijiona katika gauni jeupe la wauguzi, napunga mkono dirishani mwa treni ya Dar. Wiki ya tatu ndoto ilikuwa imechakaa kama soli za viatu vyangu.

Swali la maana lilikuwa moja tu: hapa nani anabana risasi za nyavu?

Kwetu risasi iliyeyushwa kutoka betri chakavu za malori, ikakatwa vipande vyembamba, vikabanwa kwenye kamba ya chini ya wavu ili uzame. Kubana ilikuwa kazi ya watoto, kwa meno. Meno ya mtoto ni madogo, yanafika penye fundo, tena hayanunuliwi. Mimi mwenyewe niling'ata.

Bwana afya alisema madini yale huingia katika damu yakakaa humo. Mtoto huumwa tumbo, hupauka, akawa mzito wa kusoma. Alitaka orodha ya wote wanaong'ata, awapime damu, kisha chama chetu cha ushirika cha wavuvi kipige marufuku.

"Bila orodha," aliniambia, "watasema ni maneno yangu tu."

Tatizo, hakuna aliyekuwa na watoto.

"Mwakeye, mama," nilisalimu mlangoni.

"Mwakeye, mwanangu."

"Hapa kuna watoto wangapi?"

"Watoto? Mimi na kuku wangu."

Nyuma ya mlango kicheko kikazibwa kwa kiganja.

"Kuku wako wanacheka, mama?"

"Hao wamesoma, hao."

Nilicheka nami, lakini miguu ilikuwa inawaka. Watu waliohamishiwa vijiji vya ujamaa walikuwa wameandikwa kwanza, ndipo lori likaja. Basi kila aliyeona daftari langu aliona lori. Nilieleza mpaka koo likakauka, kisha nikaandika: hakuna, hakuna, hakuna.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya dada yangu. Bwana afya alikuwapo siku hiyo. Dada akamwamkia kwa adabu, akasema kwake hakuna mtoto anayeng'ata. Mimi nilimjua binti yake wa miaka saba, aliyekuwa akijikunja kwa tumbo kila jioni. Nikainamisha kichwa, nikaandika hakuna. Sijawahi kuchoka kama nilivyochoka kwa neno lile.

Kesho yake nikarudi peke yangu.

"Dada, nataka kumwandika mtoto."

"Ukimwandika tutahamishwa. Shamba langu la mihogo utalibeba wewe?"

"Na tumbo lake, nalo nani atalibeba?"

"Wewe na gauni lako jeupe! Hujazaa, unanifundisha uchungu?"

Nikakaa kizingitini nikalia, bila aibu, na mtoto akaja akanifuta kwa kanga yangu mwenyewe, akiniita mama mdogo. Pembeni mwa mdomo wake palikuwa na weusi wa risasi. Nikalifungua daftari mbele ya dada, nikafuta lile hakuna, nikamwandika.

Dada akafunga vyombo vyake, akalingoja lori. Lakini lori halikuja, na majirani walipoona halikuja, watoto wakaanza kutoka nyuma ya milango. Bwana afya akawatoa damu, ikapanda treni kwenda kupimwa; majibu hayakurudi. Chama hakikuyangoja. Orodha ilisomwa kikaoni, wazee wakasikia majina ya wajukuu wao, wakapitisha kwamba kinywa cha mtoto kisiguse risasi, na kila nyumba inayotengeneza nyavu ipewe koleo la kubania.

Nilimkuta dada uani akibana kwa koleo, polepole, kucha zimevilia damu.

"Wavu wa siku moja sasa siku tatu," akasema bila kunitazama. "Umefurahi?"

Binti yake alikuwa amelala kwenye mkeka, mkono juu ya tumbo. Hakuna aliyejua kama tulikuwa tumechelewa. Nikamwambia dada apumzike, nikalichukua koleo.