Mama Mkwe Wangu Alivyopakiwa Juu ya Lori

Nilimwona mama mkwe wangu akipita barabara kuu, juu ya lori, ndani ya gari lisilo na dereva, ananipungia mkono.

Sikuwa nimelewa. Sinywi. Na ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka.

Ngoja nianze mwanzo, maana najua mmeshaanza kunicheka.

Mume wangu ni mwanajeshi, sajenti wa stoo. Mtu wa stoo akikupenda anakuhesabu. Kwetu hata vijiko vina orodha yake.

Basi akapata uhamisho, kambi ya upande wa pili wa nchi, safari ya siku mbili. Yeye akatangulia na wenzake. Mimi nikabaki kufunga nyumba, nikiwa na watoto wawili, mama yake na gari.

Na orodha.

Kurasa nne, zimepigwa chapa, kila kitu na namba yake. Kitanda namba moja. Meza namba sita. Ufagio namba themanini na saba. Aliniachia na stika za namba hizo. Nilibandika siku tatu mpaka vidole vikawa vinanata kwenye kila ninachoshika.

Gari lilikuwa namba mbili. Ni la familia, la zamani, tunaliita Bibi Harusi kwa sababu haliondoki nyumbani bila watu kulisindikiza kwa nyuma wakisukuma. Kuliendesha siku mbili ilikuwa ni kujitakia makubwa, kwa hiyo mume wangu akakodi lori la kubeba magari, yale ya ghorofa mbili.

Masharti yalikuwa wazi. Gari liwe tupu. Mafuta yasizidi robo tanki. Mtu haruhusiwi kukaa ndani, hata dakika moja. Nikatia saini.

Mume wangu naye akaagiza kwa simu viti vifunikwe shuka, vumbi lisiingie. Nikafunika tangu alfajiri.

Dereva wa lori alikuja na masharubu yaliyotangulia kuingia getini, yeye akafuata. Nitamwita Masharubu. Akachukua funguo, akawasha, Bibi Harusi akawaka mara moja bila kusukumwa. Akalipandisha mpaka ghorofa ya juu, akalifunga minyororo, akashuka anatabasamu.

"Dada, gari la zamani lakini mmeliwekea ile mashine ya kuelekeza njia!"

"Mashine gani?"

"Si ile inayoongea. Imeniambia kata kulia kidogo, usikanyage mafuta sana. Sauti ya mama mtu mzima. Nzuri kweli."

Sisi hatuna mashine. Hata redio ya gari ilikufa zamani. Lakini nilikuwa nahesabu maboksi, kichwa kimejaa namba, nikamwambia asante. Akaenda kupakia magari mengine kota za juu.

Nikamwita Mama aje anywe chai.

Kimya.

Chumbani hayupo. Bafuni hayupo. Kwa jirani hayupo. Nikatoka mbio mpaka barabara kuu nimuulizie, ndipo lori likapita, limeshajaa magari. Pale juu, kiti cha nyuma, Mama amejifunua shuka, mkoba mapajani, ametulia kama abiria aliyelipa.

Akanipungia mkono. Nami, kwa mshangao, nikampungia.

Lori lilipopotea kwenye kona ndiyo akili ikanirudia. Nimpigie dereva? Namba yake ilikuwa kwenye fomu, na fomu niliiacha ndani ya gari. Nimpigie Mama? Simu yake ilikuwa ndani ya boksi namba arobaini, tena nililifunga mwenyewe kwa gundi mara mbili.

Nimempoteza mama wa mtu anayehesabu vijiko!

Watoto nikamtupia jirani. Pale pale akatokea mpishi wa kambi na gari lake dogo, anapeleka mayai.

"Shemeji, kulikoni?"

"Fuata lori la magari! Mama yake sajenti yuko juu!"

"Juu ya nini?"

"Wewe endesha!"

Akaendesha. Kilomita thelathini kwa saa.

"Ongeza mwendo, shemeji!"

"Nina trei sitini huko nyuma. Haya mayai nimeyatilia saini."

Tulipitwa na baiskeli. Mwenye baiskeli akatusalimia, akatuuliza hali, akatuaga, akatuacha.

Kilichotuokoa ni mizani, pale malori yanapopimwa uzito. Tulipofika, watu walikuwa wamejaa, wote shingo juu. Masharubu alikuwa ameshika kichwa.

"Dada, mashine yenu ni mtu!"

"Najua! Mfungulie!"

"Kila nikizungusha funguo, yeye anabonyeza kitasa cha ndani. Tumeshindana dakika ishirini. Amenishinda."

Ofisa wa mizani alikuwa na kitabu cha makosa mkononi na kalamu tayari.

"Lori haliondoki na mtu juu. Nakupeni nusu saa. Asiposhuka naandika, na huyu dereva kibarua kimeota nyasi."

Masharubu akanitazama, masharubu yote yameinama. Nikavua viatu, nikapanda ngazi ya lori. Mimi naogopa hata kupanda kiti kubadilisha taa, lakini siku hiyo nilipanda.

"Mama, shuka."

Akateremsha kioo upana wa kidole kimoja.

"Sishuki mpaka nifike."

"Ufike wapi?"

"Huko mnakohamia."

"Lakini sote tunakwenda! Basi letu ni kesho!"

"Letu na nani?" Akafungua mkoba, akatoa kurasa zile nne. "Nimesoma. Nimerudia mara tatu. Wewe umo na watoto wamo, mmeandikwa abiria. Birika limo. Ufagio una namba. Mimi sina."

Nikachungulia pale kiooni. Kweli, hakuwemo.

"Nikasema basi, mwanangu ameamua kuniacha, na hajapata namna ya kuniambia. Nikatafuta kitu ambacho lazima kifike. Gari ni namba mbili. Nikaingia."

Jamani, niliumia. Stika zote zile nilibandika kwa mikono yangu, naye alikuwa amekaa pembeni ananiangalia ninavyobandika. Kila mara alikuwa anauliza, "Zimebaki ngapi?" Mimi nilidhani ananionea huruma kwa kazi.

"Mama, hakuna anayekuacha. Naapa."

"Wewe utasema hivyo kwa sababu unataka nishuke."

Hapo nikaona maneno yangu hayatoshi. Nikampigia mume wangu, nikaweka sauti ya juu, nikamweleza yote pale ngazini, chini wanasikiliza watu kama hamsini.

Upande wa pili kimya. Kimya kirefu mpaka nikadhani simu imekatika.

Kisha akakohoa. Ikaja sauti yake ile ya gwaride.

"Mama hawezi kuwa kwenye orodha ya mizigo na abiria. Mkuu wa msafara haandikwi humo. Anaandikwa peke yake, ukurasa wa tano."

"Ukurasa wa tano?" nikauliza.

"Ndiyo, mke wangu. Uko wapi ukurasa wa tano? Usiniambie umefungia vikombe."

Vikombe nilifungia kila karatasi niliyoikuta mezani, bila kuangalia.

"Nadhani... nimefungia vikombe," nikasema.

Watu wote chini wakaguna. Mpishi akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mkuu wa msafara?" Mama akauliza taratibu.

"Ndiyo, Mama. Wote wako chini yako, mpaka mnafika."

Kitasa kikaruka. Mlango ukafunguka.

Wanaume wanne walimshusha, na njia nzima yeye ndiye aliyetoa amri. "Wewe shika mkono, siyo mkoba. Wewe wa masharubu, sogea kulia kidogo." Masharubu akatii papo hapo, kwa mazoea. Ofisa wa mizani akafunga kitabu chake. Tulirudi kwa gari la mayai, na Mama akamwamuru mpishi aongeze mwendo. Akaongeza! Hata yai moja halikuvunjika.

Kesho yake lori la jeshi likabeba maboksi, nasi tukapanda basi. Mama alituhesabu kila kituo. Kituo kimoja alizuia basi lisiondoke kwa sababu mtu fulani alikuwa bado chooni. Hakuwa wa kwetu. Mama alisema mtu ni mtu.

Tulifika salama, Bibi Harusi ameshafika. Mimi siku zote mbili nilikuwa na aibu ya kuvunja watu moyo kwa ajili ya vikombe. Kwa hiyo mchana ule, kabla ya chochote, nikafungua boksi la vikombe nitafute ule ukurasa.

Kikombe cha kwanza, gazeti. Cha pili, gazeti. Cha kumi na mbili, daftari la hesabu la mwanangu.

Nikachukua ule ukurasa wa nne, Mama alishanirudishia orodha, nikausoma mpaka chini. Umeandikwa: "Mwisho wa orodha."

Nikamfuata mume wangu jikoni.

"Hakuna ukurasa wa tano."

Akafunga mlango. Huyu mtu mwenye mabega ya kubeba magunia akakaa juu ya boksi.

"Nilimsahau," akasema. "Nimeandika ufagio, mama yangu sikumwandika. Sikujua niseme nini kwenye simu."

Nilitaka kumkasirikia kwa siku mbili za aibu yangu. Nikashindwa. Na mimi nilibandika namba mpaka kwenye ndoo, nisione kwamba kuna mtu anaisubiri yake.

Mlango ukagongwa.

"Mwanangu," sauti ya Mama, "huo ukurasa wangu umepatikana? Nataka kuuona."

Tulitazamana. Nikanyakua karatasi, yeye kalamu. Akaandika mbiombio: Ukurasa wa tano. Mkuu wa msafara: Mama. Nikaikunjakunja, nikaifungia kwenye kikombe, nikaifungua tena, nikaikunjua juu ya goti ili ionekane imesafiri.

Tukafungua mlango. Mama akaipokea, akaisoma polepole, midomo ikicheza. Akapitisha kidole gumba kwenye maandishi. Kidole kikatoka na wino wa buluu.

Akakitazama kidole. Akamtazama mwanawe. Akanitazama mimi.

Kisha akaikunja ile karatasi vizuri, akaitia kwenye mkoba, nyuma ya kitambulisho chake.

"Mwandiko wako haujabadilika tangu shule," akamwambia. "Haya, leteni chakula, msafara una njaa."

Wenzangu mnaohama, nawaomba jambo moja. Kabla hujahesabu viti, hesabu watu. Na yule mzee aliyekaa pembeni anakutazama ukifunga mizigo, mwambie kwa mdomo wako kwamba mnakwenda naye, hata kama unadhani anajua. Mama alikuwa hajui.