Roma Waliipokea, Nebula Wakaikataa

Mpaka leo nikikumbuka, damu inachemka. Jumapili ya shukrani ya mavuno nimefika kanisani na picha yangu, nimeifunga kwenye kanga ya mke wangu, mama mwenyekiti wa jumuiya yetu ananizuia mlangoni mbele ya watu.

Desturi yetu ni kwamba siku hiyo kila mtu anapeleka altareni alichokivuna kwa mikono yake. Huyu debe la mpunga, yule mkungu wa ndizi, msusi wa mikeka analeta mkeka. Mimi ni mpiga picha. Nilivuna nebula, wingu la huko kwenye nyota.

Mama yule akaifunua.

"Mzee, hii si umeitoa mtandaoni?"

"Nimeipiga mwenyewe. Mofu, shambani kwangu."

"Mofu!" Akawageukia wenzake. "Nimezaliwa Mofu mimi. Kuna mpunga na kambale. Haya mawingu mekundu yalipita lini?"

Watu wakacheka.

"Sadaka ni jasho, baba. Hii ni kompyuta tu. Feki."

Feki! Naambiwa na nani? Na mtu aliyetundika sebuleni picha yake akiwa Roma, kwenye uwanja wa Baba Mtakatifu, mkoba mkononi, wakati hajawahi kuvuka Mikumi! Roma hiyo nilimpeleka mimi, hapa studio kwangu, amesimama mbele ya kitambaa cha kijani, uwanja nikaubandika kwa kompyuta. Wageni wakimsifia safari, anaitikia.

Shule niliishia darasa la nne. Kamera nilijifunza kwa kumbebea mtu mizigo kwenye harusi, Sanje mpaka Katindiuka, na kompyuta kwa kuiharibu na kuitengeneza. Kwamba lile doa hafifu linalopita utosini kwetu kiangazi ni nebula, wingu la gesi linalong'aa, niliona kwenye simu. Nikasema, hili nalitaka.

Mjini taa zinaua nyota, ndiyo maana nikaenda Mofu. Kamera nikaifunga juu ya kimashine kinachoigeuza polepole kufuata anga, la sivyo nyota zinatoka michirizi. Jirani akanipigia kelele kutoka kibandani kwake:

"Unavizia nguruwe?"

"Navizia mbingu!"

"Zikila mpunga wako uniite!"

Halafu wenye mashamba wakachoma mabua. Moshi ukatanda, kazi yote nikaitupa. Nikarudi jioni nyingine, na nyingine tena, mbu wa mtoni wananila. Wanataka jasho gani tena?

Picha moja peke yake haina kitu: kijivu na chenga. Unapiga nyingi, unazipanga nyota juu ya nyota, nuru inajumlishana. Unapiga na nyingine umefunika lenzi, giza tupu, ili ujue chenga zipi ni za kamera yenyewe, uziondoe. Mwisho unaivuta nuru taratibu, na wekundu unajitokeza. Sikupaka kitu. Ulikuwepo, jicho letu ndilo dogo.

Pale mlangoni nilimjibu: "Na Roma ya sebuleni kwako, ni jasho la nani?" Kicheko kikahamia upande wa pili. Nikaifunga picha yangu nikarudi nyumbani bila kusali, na mke wangu akanisema vya kutosha.

Katikati ya wiki mama yule akaja studio, amenuna. Kuomba radhi? Wapi! Eti amekuja kusafisha picha ya mjukuu. Akazungukazunguka, mwishowe akasema, "Haya, nionyeshe basi."

Nikamfungulia zile za kijivu, moja moja. Nikaziunganisha anaangalia. Wekundu ulipotoka akasogeza kiti.

"Kwa hiyo lipo kweli?"

"Lipo."

"Juu ya Mofu?"

"Na juu ya bati la nyumba yako."

Akainua macho darini. Halafu, jamani, akasema: "Basi niweke mbele yake. Pembeni tu, na kile kitenge changu cha bluu."

"Roma nilikupeleka. Dubai ukitaka, hata sasa hivi. Hapa hasimami mtu."

"Mzee una roho ngumu wewe! Haya, ilete mwakani."

"Nitaileta. Na wewe ndiye utakayeibeba mpaka altareni."

Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania.